Kuvuka Daraja kwa Miguu: Somo la Kani Kutoka Ghuba ya Mwanza

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua rasmi daraja liunganishalo Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilometa 3 na upana wa meta 28.45. Limepewa jina la Rais wa Awamu ya Tano, John Pombe Magufuli, ambaye aliliwekea jiwe la msingi tarehe 7 Desemba 2019 na kufariki dunia Machi 2021, kabla ujenzi haujakamilika. Miaka mingi kabla ya hapo, mtu aliyetoka Songwa, Maganzo au Shinyanga mjini kwenda Sengerema na Geita kwa njia ya Usagara alilazimika kupanda kivuko: MV Mwanza, MV Misungwi au MV Sengerema. Safari ya majini ilichukua kama nusu saa, lakini foleni ya kungoja zamu ingeweza kula saa mbili au zaidi. Aliyewahi kukwama Busisi usiku, mgonjwa akiwa ndani ya gari na kivuko kikiwa ng'ambo ya pili, hahitaji kuelezwa thamani ya daraja hili.

Makala haya hayataeleza gharama zake, zilizozidi shilingi bilioni 700, wala historia ya ujenzi wake. Yatashughulikia jambo ambalo walimu wa fizikia wa Shinyanga, Mwanza na Geita wamelipata bila kununua: maabara ya kani yenye urefu wa kilometa 3. Abiria wa basi huivuka maabara hiyo kwa dakika nne hivi asione kitu. Mwenda kwa miguu, akitembea kilometa 5 kwa saa, atatumia dakika 36, yaani karibu muda ule ule uliotumiwa na kivuko, bila foleni. Na mwenye baiskeli, kwa kilometa 15 kwa saa, dakika 12. Hao wawili ndio wanaolijua daraja, maana hulisikia chini ya nyayo na magurudumu yao, na upepo huwapiga ubavuni.

Tuanze na jina. Wanafunzi wengi, wakiona nyaya nene zishukazo kutoka minarani, husema hilo ni daraja la kuning'inia. Si kweli, na kosa hilo si la jina tu. Anayelifanya hajaelewa mzigo unapitia wapi kutoka kwenye gurudumu hadi ardhini.

Kamba ya kuanikia nguo

Chukueni kamba ya katani, mizani ya springi na jiwe lenye uzito wa nyutoni 20, yaani tungamo la kilo 2 hivi. Simikeni nguzo mbili zilizoachana meta 4. Fungeni kamba kwenye nguzo moja, na kwenye nguzo ya pili ifungeni kwa kupitia mizani. Tundikeni jiwe katikati, kisha pimeni kamba imenepa kiasi gani chini ya mstari unaounganisha ncha zake. Kipimo hicho tutakiita mnepo.

Mnepo ukiwa meta 1, mizani itaonyesha nyutoni 22 hivi. Kazeni kamba hadi mnepo uwe nusu meta, nayo itaonyesha nyutoni 41. Kazeni tena hadi mnepo uwe sentimeta 10 tu: sasa mkazo wa kamba ni nyutoni 200, mara kumi ya uzito wa jiwe lenyewe. Jiwe halikuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni umbo la kamba.

Sababu yake ni nyepesi. Kamba huweza kuvuta kwa kufuata urefu wake tu. Ikilala karibu usawa, sehemu kubwa ya mvuto wake huenda kushoto na kulia bila faida, na sehemu ndogo mno huelekea juu kulishika jiwe. Ili sehemu hiyo ndogo itoshe, mkazo wote lazima uwe mkubwa. Kuikaza kamba mpaka inyooke kabisa haiwezekani; itakatika kwanza, au nguzo zitang'oka. Kila mama aliyeanika blanketi bichi kwenye kamba iliyokazwa sana anaijua sheria hii, ingawa hakuiandika kwa hesabu.

Kwa vijana wa Geita hesabu hii si mchezo wa darasani. Fikirieni mtu mwenye uzito wa nyutoni 700 anayening'inia katikati ya kamba iliyovutwa kulala juu ya mdomo wa duara lenye upana wa meta 2, kamba ikinepa sentimeta 5 tu. Mkazo wa kamba ile unafikia nyutoni 7,000. Kamba ambayo ingembeba mtu huyo salama ikiwa wima, pamoja na wenzake watano au sita, inaweza kukatika akiwa peke yake. Mwalimu anayefundisha karibu na maduara ya wachimbaji wadogo na akaliruka jaribio hili amewanyima wanafunzi wake kitu kikubwa kuliko alama za mtihani.

Daraja la kuning'inia hasa

Katika daraja la kuning'inia, kebo mbili kuu hupita juu ya minara miwili mirefu na kunepa katikati kama kamba yetu. Kutoka kwenye kebo hizo hushuka nyaya za wima, nazo ndizo zinazoishika sakafu ya daraja. Mzigo wa gari hupita sakafuni, hupanda kwa nyaya za wima hadi kwenye kebo, huenda minarani, na minara huusukuma chini ardhini. Lakini kebo bado inavuta kando, na mvuto huo lazima uzuiwe. Hivyo kila ncha ya kebo huzikwa ndani ya donge kubwa la zege kwenye kingo, liitwalo nanga. Nanga ikiteleza, daraja lote limekwisha.

Kwa kuwa mzigo umeenea sakafu nzima na haukai mahali pamoja, umbo la kebo hukaribia parabola, na kani yake ya ulalo hupatikana kwa kanuni fupi: zidisha uzito wa kila meta moja ya daraja kwa mraba wa nafasi iliyoko kati ya minara, kisha gawanya kwa mnepo mara nane. Tuseme nafasi ni meta 1,000, mnepo ni meta 100, na kila meta ya daraja pamoja na magari ina uzito wa kilonyutoni 150. Kani ya ulalo ni kilonyutoni 187,500. Tukipunguza mnepo kuwa meta 50 ili tujenge minara mifupi na ya bei nafuu, kani hiyo inaruka hadi kilonyutoni 375,000. Ndipo yanapotokea mabishano ya siku zote kati ya mhandisi wa minara na mhandisi wa kebo.

Mfano mzuri wa aina hii umo Uingereza, kwenye mlango wa mto Humber, mahali ambapo maji ya mto hukutana na maji ya bahari, yakijaa na kupwa. Daraja la Humber lilianza kupitisha magari mwaka 1981. Nafasi kati ya minara yake ni meta 1,410, na hadi mwaka 1998 hapakuwa na daraja la kuning'inia duniani lenye nafasi ndefu kuliko hiyo. Kila kebo kuu imefanywa kwa nyaya 14,948, kila waya ukiwa na unene wa milimeta 5 tu. Waya wa feleji wa unene huo, usiozidi penseli, waweza kubeba tani 3 hivi kabla ya kukatika. Nguvu ya kebo ni wingi wake.

Daraja hilo lina njia za kando kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, nami nilipata kulivuka kwa miguu zaidi ya mara moja nilipokuwa masomoni. Jambo la kwanza ambalo mgeni huligundua ni kwamba sakafu haitulii. Lori zito likipita, hutangulia wimbi dogo la kupanda na kushuka linalofika miguuni kabla ya lori lenyewe. Wengine huogopa. Ukweli ni kwamba daraja la kuning'inia lisilotikisika lingekuwa la kuogofya zaidi, maana kebo hubeba mzigo uliohama kwa kubadili umbo lake, kama kamba yetu ilivyobadili umbo jiwe lilipotundikwa. La pili halionekani kwa macho. Minara ya Humber, yenye kimo cha meta 155.5, yote miwili imesimama wima kamili, na bado vilele vyake vimeachana zaidi ya nyayo zake, zaidi kidogo ya sentimeta 3. Mwanafunzi na aichukue nusu kipenyo ya dunia, kilometa 6,370, apige hesabu ya minara miwili inayoelekea kwenye kitovu kimoja cha dunia, naye atalipata jibu hilo kwa mistari mitatu ya kazi. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba neno "wima" halina maana moja mahali pote.

Mbona Kigongo hawakuning'iniza?

Ghuba ya Mwanza huingia nchi kavu kuelekea kusini kwa kilometa zipatazo 60, na daraja limejengwa mahali ghuba inapobana. Hata hapo upana ni kilometa 3. Nafasi ndefu kuliko zote katika madaraja ya kuning'inia yaliyokwisha kujengwa ni meta 2,023, nayo ni ya Daraja la Çanakkale nchini Uturuki, lililofunguliwa mwaka 2022. Kuiruka Ghuba ya Mwanza kwa nafasi moja kungehitaji kuivunja rekodi hiyo kwa karibu kilometa nzima, tena kwa minara yenye kimo cha meta 300 na zaidi. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Madaraja ya kuning'inia hujengwa mahali ambapo nguzo haziwezi kusimamishwa majini, kwa sababu ya kina, mkondo au meli kubwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Maputo, Msumbiji, ambako daraja la kwenda Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018, lina nafasi ya meta 680 juu ya njia ya meli ziingiazo bandarini. Katika ghuba yetu maji si ya kina kikubwa, na nguzo zingeweza kupandwa. Basi zikapandwa, na sehemu kubwa ya daraja ni boriti za zege zinazotoka nguzo hadi nguzo.

Palibaki sehemu ya katikati, inayotakiwa kuwa na nafasi ndefu zaidi ili vyombo vipite chini. Hapo ndipo zinapoonekana nyaya zinazowachanganya wanafunzi. Tazameni vizuri mtakapopita. Nyaya hizo hazinepi. Zimenyooka kama rula, kila moja ikitoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye boriti, na minara yenyewe ni mifupi. Hakuna kebo kuu na hakuna nanga ufukoni. Aina hii ya daraja ilipendekezwa na mhandisi Mfaransa Jacques Mathivat mwaka 1988, naye akaipa jina ambalo kwa matamshi yetu tungeweza kuliita ekstradozi. Wa kwanza kulijenga walikuwa Wajapani, mjini Odawara, mwaka 1994.

Wazo la Mathivat linaeleweka tukiirudia ile kanuni. Tukihamisha mnepo upande wa pili, twapata: kani ya ulalo mara mnepo ni sawa na uzito wa meta moja mara mraba wa nafasi, kugawanya kwa nane. Mwanafunzi wa kidato cha tano ataitambua namba ya upande wa kulia. Ndiyo momenti ya kupinda iliyo katikati ya boriti ya kawaida iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Kumbe maumbile hudai kitu kile kile kwa kila daraja, yaani kani zidisha mkono wa wenzo. Daraja la kuning'inia hulipa kwa mkono mrefu, ambao ni mnepo wa meta mia na zaidi. Boriti ya zege hulipa kwa mkono mfupi, ambao ni kimo chake yenyewe, na kwa hiyo inahitaji kani kubwa ndani yake: upande mmoja zege likigandamizwa, upande wa pili feleji ikivutwa. Nafasi ikiwa ndefu, boriti hulazimika kunenepa, na uzito wake wenyewe unaanza kuila faida. Mathivat alisema: nyaya za feleji zilizofichwa ndani ya boriti tuzitoe nje, tuzipandishe kidogo juu ya sakafu kwa mnara mfupi, ili mkono wa wenzo urefuke bila kuongeza zege. Daraja la Kigongo na Busisi ni boriti iliyosaidiwa, na msaada huo ndio unaouona ukiangaza juani.

Katika Afrika Mashariki tunayo pia madaraja ya aina iliyo jirani, ambayo nyaya zake zimenyooka vivyo hivyo lakini minara yake ni mirefu zaidi, na nyaya ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sakafu. La Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa Aprili 2016. La Jinja, juu ya Nile nchini Uganda, lilifunguliwa Oktoba 2018. Yote mawili watu huyaita ya kuning'inia, na yote mawili siyo.

Watu ni mzigo mzito kuliko magari

Swali hili huwashangaza hata walimu: sakafu ya daraja huelemewa zaidi ikijaa magari madogo au ikijaa watu? Gari dogo la tani moja na nusu hukalia eneo la meta za mraba 8 hivi, na hivyo kila meta ya mraba hupata kilo zisizofika 190, hata magari yakigusana. Watu wanne wenye kilo 60 kila mmoja wanaweza kusimama katika meta moja ya mraba wakati wa sherehe. Hizo ni kilo 240.

Tarehe 24 Mei 1987 daraja la kuning'inia la Golden Gate, kwenye mlango wa ghuba ya San Francisco huko Marekani, lilifungwa kwa magari ili watu waadhimishe miaka 50 ya daraja hilo kwa kulivuka kwa miguu. Watu wapatao laki tatu walijazana darajani kwa wakati mmoja, wakakwama katikati, na mgongo wa daraja, ambao kwa kawaida hujikunja kidogo kwenda juu, ukalala bapa. Lilikuwa halijawahi kubeba mzigo mkubwa kama ule. Halikudhurika, kwa sababu kebo zilikuwa na akiba ya nguvu, na hiyo ndiyo maana ya mhandisi kugawanya nguvu ya chuma kwa namba kubwa kabla ya kuitumia.

Kila upande wa daraja la Kigongo una njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa meta 2.5. Zidisheni kwa urefu wa kilometa 3, kisha kwa watu wanne kwa kila meta ya mraba: watu 30,000, tani 1,800, upande mmoja tu. Mbunifu wa daraja huanza kazi yake kwa kufikiria siku kama hiyo, hata kama haitatokea kamwe. Chombo cha majini hakina subira ya namna hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kikiwa kimepakia kupita kiasi, kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha katika ziwa hili hili.

Hatua zinapopatana

Mwanadamu hutembea kwa hatua mbili hivi kwa kila sekunde. Kila hatua husukuma sakafu chini, na pia huisukuma kidogo kando, mara kulia mara kushoto. Daraja nalo, kama bembea, lina marudio yake ya asili. Mtoto akisukumwa kwenye bembea kwa wakati usiofaa, haendi mbali. Akisukumwa kila anaporudi, hupaa. Hali hii wanafizikia huiita rezonansi.

Mwaka 1831, huko Broughton nchini Uingereza, kikosi cha askari 74 kilikuwa kikivuka daraja dogo la kuning'inia. Walipolisikia likicheza chini yao waliona ni jambo la kufurahisha, wakaongeza ukakamavu wa hatua. Bolti moja ya chuma ikakatika, na askari wapatao arobaini wakaanguka mtoni. Hakuna aliyekufa. Angers, Ufaransa, mwaka 1850, hawakuwa na bahati hiyo: askari zaidi ya 200 walikufa siku ya dhoruba daraja la kuning'inia lilipokatika. Vitabu vingi huishia kwenye hatua za askari, na hapo havitoshi. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu ndani ya nanga, mahali jicho la mkaguzi lisipofika. Mtetemo huua daraja lililo gonjwa kwa urahisi zaidi.

Katika London, mwaka 2000, ilitokea jambo jipya. Daraja la waenda kwa miguu la Milenia lilifunguliwa tarehe 10 Juni na kufungwa siku mbili baadaye. Watu hawakuwa askari na hakuna aliyewaamuru kupiga hatua pamoja. Ila daraja lilipoanza kuyumba kidogo kando, kila mtu alitanua miguu na kufuata myumbo ili asianguke, na kwa kufanya hivyo akauongeza. Umati wa wageni wasiofahamiana ukajikuta unatembea kwa mpigo mmoja kwa sababu daraja liliwafundisha. Lilifunguliwa tena mwaka 2002, baada ya kufungiwa vifaa vya kuumeza mtetemo. Daraja la Kigongo ni zito na gumu mno kwa umati wa kawaida kulitikisa namna hiyo. Lakini vivuko vya kamba na mbao vilivyoko kwenye mito yetu midogo havina uzito wa kujikinga, na watoto wa shule hupenda kuruka juu yake kwa mpigo. Wakatazwe, na waelezwe sababu.

Upepo wa mchana na mpanda baiskeli

Usukumani baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maziwa na abiria juu ya keria, na hakuna sababu ya kufikiri kwamba wenyeji wataliachia daraja magari peke yake. Hivyo yafaa tuuhesabu upepo.

Mchana jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo alasiri upepo katika Ghuba ya Mwanza mara nyingi hutoka kaskazini, ziwani, ukifuata ghuba kuelekea kusini. Daraja nalo hulala mashariki na magharibi, kwa hiyo upepo hulipiga ubavu.

Mpanda baiskeli anatoka Kigongo kwenda Busisi kwa meta 4 kwa sekunde, na upepo ni meta 6 kwa sekunde kutoka kuliani kwake. Upepo anaousikia usoni si ule wa ziwani, bali ni jumla ya vekta mbili: mzizi wa mraba wa 16 na 36, yaani meta 7.2 kwa sekunde, ukimjia kwa pembe ya nyuzi 56 kutoka mbele yake. Ili asianguke, hujiinamisha kidogo kulia. Sasa lipite lori refu. Kwa kuwa sisi huenda upande wa kushoto, lori litapita kulia kwake, kati yake na upepo, na kwa sekunde chache litamkinga. Upepo aliokuwa ameuegemea unatoweka, naye anaanguka kuelekea alikoinamia, ambako ni kwenye magari. Anapojiweka sawa, lori limekwisha kupita na upepo unarudi kumsukuma kushoto. Akiwa na gunia nyuma, kitovu cha uzito kikiwa juu, pigo hilo la mara mbili si la kudharauliwa. Njia ya kando ipo kwa sababu hiyo, na penye upepo mkali kushuka na kuikokota baiskeli si aibu. Akirudi Kigongo, njia yake iko upande wa kaskazini wa daraja. Upepo humjia kutoka kushoto, ziwa likiwa wazi, na lori limpitalo kulia haliwezi kumkinga. Daraja ni moja na upepo ni mmoja, lakini kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti.

Mabaya yaliyowahi kufanywa na upepo kwa madaraja yanajulikana. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na kuvunjika tarehe 7 Novemba mwaka huo huo katika upepo wa kilometa 64 kwa saa, ambao haukuwa tufani. Napenda walimu waache kulieleza kama mfano wa rezonansi ya kawaida. Upepo ule haukuwa na mpigo uliolingana na wa daraja. Sakafu nyembamba na laini, ilipoanza kujisokota, iliubadilisha mwendo wa hewa kwa namna iliyozidi kuisokota. Daraja lilijichotea nguvu lenyewe kutoka kwenye upepo.

Kazi kwa wanafunzi

Wanafunzi wa Songwa, wilayani Kishapu, wanaweza kupima upepo wa mchana kando ya bwawa lao kwa kutumia kitambaa chepesi na saa, na kuona kama bwawa dogo nalo lina upepo wake. Walio karibu na ghuba na wakae upande wa Kigongo, wachore nyaya za daraja na kuonyesha kwa mishale ni wapi panavutwa na wapi panagandamizwa. Wote wajaribu hesabu hizi. Katika mfano wetu wa daraja la meta 1,000, kani ya kilonyutoni 187,500 inagawanywa kwa kebo mbili, na kila waya unaruhusiwa kuchukua kilonyutoni 12 tu. Kila kebo inahitaji nyaya ngapi? Na hili la pili: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na alfajiri upepo hugeuka. Mpanda baiskeli anatoka Kigongo kwenda Busisi saa 12 asubuhi kwa meta 4 kwa sekunde, upepo ukiwa wa meta 3 kwa sekunde kutoka kusini. Tafuta ukubwa na uelekeo wa upepo anaousikia, kisha ueleze kama lori limpitalo wakati huo litambadilishia jambo lolote.